Sura ya Saba: Paka Mchanga katika Nyumba ya Kupanga

Miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, imezoea kuishi na paka wasio na mwenyewe, ambao hula vichwa vya samaki sokoni, hulala juu ya mabati na chini ya magari, na huzaa katika nyufa za kuta na stoo zisizofunguliwa mara kwa mara. Jike hubeba mimba kwa takribani siku 63 hadi 67, huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na huweza kushika mimba ya kwanza kabla hajatimiza miezi sita, na ndiyo maana watoto wa paka hukutwa mitaroni na vichochoroni na watu ambao hawakuwahi kukusudia kufuga mnyama yeyote. Mjini, mtu anayemwokota paka huyo mara nyingi ni mpangaji, na mkataba wake, uwe wa maandishi au wa mdomo mbele ya dalali, mara nyingi unamkataza kufuga. Sura hii inachunguza namna ya kumlea paka mchanga katika hali hiyo, na hoja inayoiongoza ni kwamba malezi ya mnyama na maelewano na mwenye nyumba ni jambo moja, kwa kuwa madhara mengi yanayompata paka aliyeokolewa katika nyumba ya kupanga hutokana na kufichwa kwake kuliko yanavyotokana na katazo lenyewe.

Kabla ya kumchukua, ni lazima ithibitike kwamba anahitaji kuokolewa. Paka jike huwaacha watoto wake kwa saa kadhaa akitafuta chakula, na huwahamisha mmoja mmoja anapohisi kwamba maficho yake yamegunduliwa, kwa hiyo mtoto aliye peke yake huenda ni yule ambaye zamu yake ya kubebwa haijafika. Mtoto aliye msafi, mwenye tumbo lililojaa na anayelala kwa utulivu ana mama, na inafaa aangaliwe kwa mbali, kwani jike hatarudi maadamu mtu amesimama pale. Kinyume chake, mtoto aliyepoa mwilini, anayelia bila kukoma, mwenye jeraha, aliyevamiwa na siafu, au aliye kwenye mtaro unaoanza kujaa maji wakati wa masika hawezi kungojea uchunguzi wa namna hiyo, naye huchukuliwa mara moja. Tofauti hii ina uzito wa pekee kwa mpangaji, kwa sababu kumwachia mama kazi yake ndilo suluhisho pekee lisilohitaji ruhusa ya mtu yeyote, na hakuna maziwa ya dukani yanayolingana na ya mama.

Akishachukuliwa, linalofuata ni kukadiria umri wake, maana ndio unaoamua chakula, joto na ratiba yake. Paka huzaliwa akiwa na uzito wa takribani gramu 100, macho yamefumba na masikio yamelala. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14, meno ya mbele huanza kuchomoza katika wiki ya tatu, wakati ambapo mtoto hutembea kwa kuyumbayumba, na akifikia wiki ya nne huanza kucheza na kuweza kulamba chakula laini. Mtoto mwenye afya huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku, hivyo mizani ndogo ya jikoni ni chombo cha lazima zaidi kuliko vyote anavyoweza kununua mlezi, kwa kuwa uzito uliosimama kwa siku moja au kushuka hutoa habari ya ugonjwa kabla dalili nyingine yoyote haijaonekana.

Watu wengi hudhani kwamba kwenye joto la pwani paka mchanga hawezi kufa kwa baridi, na dhana hii imeua wengi. Katika wiki zake tatu za kwanza mwili wake hauwezi kulinda joto lake wenyewe, na katika wiki ya kwanza huhitaji mazingira ya nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi, kiwango ambacho usiku wa Dar es Salaam hauwezi kukifikia, seuze sakafu ya saruji au ya vigae. Boksi la katoni lililotandikwa kanga kuukuu, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa upande mmoja tu, hutosha, mradi upande wa pili ubaki bila joto ili mtoto aweze kujisogeza anapozidiwa. Katika chumba chenye bati lisilo na dari, hatari ya mchana ni joto kupita kiasi, na ni boksi hilohilo lenye pande mbili linalomwokoa. Mtoto aliyepoa hapewi chakula chochote mpaka apate joto, na joto lenyewe hurudishwa polepole, kwani utumbo wa mwili uliopoa husimama, na maziwa yaliyomo hukaa bila kusagwa na kumdhuru.

Kuhusu maziwa, desturi ya kumpa paka mchanga maziwa ya ng'ombe imeenea kiasi kwamba wanaoikosoa huonekana wanatia chumvi, lakini sababu za kuikosoa ni za wazi. Maziwa ya paka yana protini takribani mara mbili ya zile za maziwa ya ng'ombe, ilhali ya ng'ombe yana laktosi nyingi zaidi, yaani sukari ya asili ya maziwa, ambayo utumbo wa paka mchanga hushindwa kuimudu kwa kiwango hicho. Matokeo yake ni kuharisha, na kuharisha kwa kiumbe cha gramu 200 ni kupoteza maji ambayo hayana pa kufidiwa. Maziwa ya unga yaliyotengenezwa mahususi kwa watoto wa paka hupatikana katika baadhi ya kliniki za wanyama na maduka makubwa ya mijini, na pale yanapokosekana, daktari wa mifugo ndiye wa kuulizwa kuhusu mchanganyiko wa muda. Mtoto hunyweshwa akiwa amelalia tumbo, kama anavyonyonya kwa mama, wala halazwi chali, kwa sababu akilazwa chali hupaliwa na maziwa huingia mapafuni, na nimonia itokanayo na hilo mara nyingi humuua. Hutumika chupa ndogo yenye chuchu, au bomba la sindano lililoondolewa sindano, kwa matone yanayofuata kasi ya kumeza kwake, na kwa kila mlo kiasi kisizidi mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito. Katika wiki ya kwanza milo hufuatana kila baada ya saa mbili au tatu, usiku ukiwamo, kisha nafasi huongezeka kadiri anavyokua. Baada ya kila mlo, mlezi hupangusa sehemu za siri kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu ili kuchochea haja ndogo na kubwa, kazi ambayo mama huifanya kwa ulimi, kwa kuwa hadi karibu wiki ya tatu mtoto hawezi kujisaidia bila kuchochewa.

Kuanzia wiki ya nne huanza kulikizwa, yaani kuachishwa maziwa hatua kwa hatua, na hapa kosa la pili la kawaida hujitokeza, nalo ni kumlisha ugali au wali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, ambacho upungufu wake huharibu macho na kudhoofisha misuli ya moyo. Nyama ya kusaga, kuku aliyechemshwa na kutolewa mifupa, na dagaa waliolowekwa ili chumvi itoke ni nyongeza nzuri, lakini mlo wa msingi unafaa kuwa chakula kamili cha watoto wa paka, hata kama ni kidogo na mpangaji analazimika kukinunua kwa kupima.

Ratiba kama hiyo haifichiki, na hapo ndipo suala la nyumba linapoingia. Nyumba ya Kiswahili ya kupangisha vyumba, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani wenye jiko na choo cha pamoja, mara nyingi ina kuta zisizofika kwenye paa, hivyo kilio cha mtoto wa paka saa nane za usiku husikika na kila aliyelala humo. Katika majengo ya ghorofa ukuta ni mzito zaidi, lakini pana mlinzi langoni, mfanyakazi wa usafi kwenye ngazi na fundi bomba anayeingia bila taarifa. Mpangaji anayejaribu kuficha hujikuta akichukua hatua ambazo kila moja ina busara kwa upande wa siri na ni hatari kwa upande wa mnyama: hufunga madirisha chumba kikakosa hewa, humfungia paka kabatini anapokuja mgeni, hutupa mchanga wake usiku badala ya unapochafuka, na, lililo baya kuliko yote, huahirisha kwenda kwa daktari kwa kuogopa kuonekana akibeba kikapu kinacholia.

Uahirishaji huo una gharama ya kweli. Paka wa mitaani huja na minyoo aliyoipata kupitia maziwa ya mama yake, na dawa huanza kutolewa mapema, hata katika wiki ya tatu, kisha hurudiwa kila wiki mbili. Huja pia na viroboto, ambao kwa mtoto mdogo huweza kunyonya damu hadi ufizi ukawa mweupe, na hapa panahitajika onyo kali: dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, hasa zenye permethrini, ambayo ni sumu ya wadudu inayouzwa katika maduka mengi ya dawa za mifugo, humtetemesha paka na kumuua, kwani ini lake halina uwezo wa kuivunjavunja kama la mbwa; parasetamoli, ambayo ipo karibu katika kila nyumba, nayo ni sumu kali kwake. Mtoto mdogo huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, huchanwa kwa kitana chenye meno ya karibu, na hukaushwa mara moja asipoe. Chanjo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane na hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, na inayokinga kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki ya 12. Miongoni mwa magonjwa yanayozuiwa ni panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaoangamiza seli nyeupe za damu na kumuua paka mchanga kwa siku chache, ambao virusi vyake huweza kukaa chumbani kwa mwaka mzima. Chumba alimofia paka kwa ugonjwa huo huoshwa kwanza kwa sabuni, kisha kwa sehemu moja ya dawa ya kupaukia nguo katika sehemu 32 za maji, kabla mwingine hajaletwa.

Haki inataka ikubalike pia kwamba mwenye nyumba hana wasiwasi wa bure. Choa, ugonjwa wa ukungu wa ngozi unaoacha mabaka ya duara, hutoka kwa paka kwenda kwa watoto wa jirani. Kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vya toksoplazimosisi, ugonjwa ambao mjamzito huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, na kwa hiyo mjamzito hapaswi kusafisha choo cha paka, na kazi hiyo hufanywa na mwingine kila siku, kwa kuwa vimelea huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Mtu aliyeng'atwa au kuparuzwa na paka asiyejulikana huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakitibiki. Mambo haya yakielezwa kwa jirani mapema hupokelewa kama tahadhari, lakini yakigunduliwa baada ya mtoto wa jirani kupata mabaka huwa mashtaka.

Wasiwasi mwingine wa mwenye nyumba ni harufu, nayo ina sababu inayoeleweka. Mkojo wa paka una dutu iitwayo felinini, ambayo ikivunjika hutoa kemikali za salfa zenye harufu kali, na madume wasiohasiwa huwa nayo kwa wingi zaidi na huitumia kuweka alama kwenye kuta na milango. Kuhasi, yaani kuondoa kokwa za dume au mfuko wa uzazi na ovari za jike kwa upasuaji, kukifanywa karibu na mwezi wa tano, kabla tabia hiyo haijaota mizizi, huondoa sehemu kubwa ya tatizo, na hukomesha pia vilio vya usiku vya jike aliye kwenye joto. Choo chenyewe hakihitaji gharama: beseni pana la plastiki lenye mchanga safi au maranda kutoka kwa seremala, likichotwa kila siku na kuoshwa kila wiki, hutosha. Mkojo uliomwagika sakafuni haufutwi kwa dawa yenye amonia, kwa sababu harufu yake humwita paka kurudi palepale, wala haumwagiwi dawa ya kupaukia ambayo haijachanganywa na maji, kwa kuwa mkojo na klorini hutoa gesi inayochoma mapafu. Kuhusu kuparuza, paka hunoa makucha kwa maumbile na hazuiliki, ila huweza kuelekezwa; kipande cha gogo kilichozungushiwa kamba ya mkonge, zao ambalo Tanga ina historia nalo tangu 1893, humpendeza kuliko mlango wa mbao wa mwenye nyumba, mradi kiwe kirefu kiasi cha kumwezesha kujinyoosha. Wavu wa mbu dirishani nao hauhesabiki kuwa kinga, kwani paka huupasua kwa makucha, na nafasi kati ya nondo humpitisha mtoto wa wiki nane bila shida. Kwenye ghorofa, dirisha la mpangaji linahitaji waya mgumu kwa ndani.

Kisheria, mpangaji wa Afrika Mashariki hana pa kuegemea sana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya 2008 na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, zinahusu namna mnyama anavyotendewa, wala hazimpi mpangaji haki ya kuishi naye kinyume cha mkataba. Kwingineko mambo yamekwenda tofauti. Ufaransa ilitangaza kwa sheria ya tarehe 9 Julai 1970 kwamba kifungu cha mkataba wa makazi kinachokataza mnyama wa nyumbani huhesabiwa kana kwamba hakikuandikwa. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilibatilisha vifungu hivyo kwa sheria ya upangaji ya 2006. Na mahakama kuu ya rufaa ya Ujerumani iliamua mwaka 2013 kwamba katazo la jumla la mbwa na paka katika mikataba ya kuchapwa halina nguvu. Unaofaa kutazamwa zaidi ni mfano wa jiji la New York, ambalo tangu 1983 lina kanuni kwamba mpangaji wa jengo la makazi ya wengi akiishi na mnyama wazi wazi, kwa namna inayojulikana, na mwenye nyumba asichukue hatua ya kisheria ndani ya miezi mitatu, mwenye nyumba hupoteza haki ya kutumia katazo lake dhidi ya mnyama huyo. Kanuni hiyo humlinda aliyefanya jambo lake hadharani, na aliyeficha hana chochote cha kudai.

Pasipo sheria ya namna hiyo, kinachobaki ni mazungumzo, na uzito wake hutofautiana kwa mahali. Mpangaji wa Dar es Salaam aliyelipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo ana fedha nyingi za kupoteza akifukuzwa, lakini pia ana muda mbele yake. Yule wa Mombasa au Nairobi anayelipa kwa mwezi huweza kupewa notisi fupi na kukatwa amana yake kwa kisingizio cha uharibifu. Kwa wote wawili, ombi lenye mpaka lina nafasi kubwa kuliko ombi la jumla. Kuomba ruhusa ya kufuga paka ni kumtaka mwenye nyumba abadili kanuni yake kwa wapangaji wote, ilhali kuomba wiki nane za kumlea paka yatima mpaka apate pa kwenda ni kumwomba huruma yenye tarehe ya mwisho. Ombi hilo liandikwe hata kama limekwisha kuzungumzwa, likitaja chumba atakamokaa, tarehe za chanjo, ahadi ya kulipia uharibifu wowote, na picha za chumba zilizopigwa kabla. Lipelekwe katika wiki ya kwanza, kabla jirani hajalipeleka kwa namna yake.

Upande wa pwani kuna mambo mawili yanayomsaidia mwombaji. La kwanza ni la dini: Waislamu wanaijua simulizi ya sahaba Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, na kwa hukumu iliyojengwa juu yake paka si najisi, hivyo mwenye nyumba anayekataa mbwa kwa sababu ya tohara hana sababu hiyo kwa paka, na inafaa akumbushwe kwa adabu, na mtu anayemheshimu, kuliko kwa ubishi. La pili ni panya, ambao katika nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Mombasa ni kero kubwa kuliko paka yeyote. Hata hivyo mlezi asiahidi kwamba mtoto huyo atawamaliza, kwa kuwa si kila paka hukua kuwa mwindaji, na kwa kuwa panya aliyekula sumu huweza kumuua paka anayemla. Jambo la kwanza la kuwauliza majirani ni kama wametega sumu, na wapi.

Mwenye nyumba akikataa, jibu lake linapaswa kuheshimiwa, lakini halimaanishi kwamba mnyama atolewe siku hiyohiyo. Desturi ya kumbeba paka hadi soko la samaki na kumwacha huko, kwa imani kwamba hatakosa chakula, ni kumhukumu, kwa sababu paka aliyelelewa kwa mkono hajafunzwa na mama yake kutafuta chakula, na madume mashume waliomiliki eneo hilo humfukuza au kumjeruhi kabla hajapata pa kujificha. Anayepaswa kutafutwa ni mlezi mwingine, na kazi hiyo huanza siku ya kwanza, sambamba na ombi, kwani utafiti wa Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple nchini Marekani katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba paka aliyeshikwa na kuzoezwa na watu kati ya wiki ya pili na ya saba hukua akiwa rafiki wa binadamu kuliko aliyechelewa kuguswa. Mpangaji aliyemlea katika wiki hizo, hata kama hakuruhusiwa kubaki naye, amekwisha kumfanya awe paka anayeweza kupokelewa katika nyumba ya mtu mwingine. Nairobi, shirika la KSPCA limekuwa likipokea wanyama wa aina hii kwa miongo mingi. Kwingineko daktari wa mifugo, walimu wa madrasa na wauza duka wenye stoo za nafaka mara nyingi hujua nani anahitaji paka. Makabidhiano hayafanywi kabla ya wiki ya nane, na anayepokea hupewa kadi ya chanjo, chakula cha wiki moja cha aina ileile aliyoizoea paka, kipande cha kanga alichokuwa akilalia ili harufu isibadilike ghafla, na tarehe ambayo pande zote mbili zimekubaliana kwamba atapelekwa kuhasiwa, pamoja na maelewano ya nani atalipia.